Hema Jepesi la Watu Wawili kwa Mkazi wa Dar: Lipi Linafaa Uluguru, Lipi Litakufia Kabatini

Mahema mengi mepesi ya wakazi wa Dar es Salaam hayafi mlimani, yanafia kabatini. Hema likikaa Tabata au Kigamboni kuanzia masika hadi Desemba, limekunjwa na kubanwa ndani ya mfuko wake, linakaa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa hewa ambao mara nyingi unapita asilimia 70. Siku ya safari ukilifungua, kifuniko (tabaka la nje la kuzuia mvua) kinanata vidoleni, kinanuka matapishi, na mpako wake wa ndani unaozuia maji unabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Likifika hapo hakuna fundi. Tathmini nyingi za mahema zimeandikwa na watu wa nchi za baridi ambao hofu yao ni theluji na upepo, kwa hiyo zinabishana juu ya gramu 50 na suala la mpako wanaligusa kwa sentensi moja. Kwa mnunuzi wa Dar mpako ndio swali la kwanza. Uzito unafuata.

Tunalinganisha mahema manne ambayo mtu wa huku atakutana nayo akianza kutafuta: Naturehike Cloud Up 2, MSR Hubba Hubba 2, Big Agnes Copper Spur HV UL2 na Durston X-Mid 2. La tano, Zpacks Duplex, tunalipitia juu juu. Kipimo ni safari ambazo mtu wa Dar anazifanya kweli: SGR ya asubuhi hadi Morogoro na kupanda Uluguru, Udzungwa kwa wanaokwenda Mwanihana, Usambara kwa miguu toka Lushoto hadi Mtae, na wikiendi ya ufukweni Bagamoyo. Kilimanjaro haimo. Kule hupandi bila wakala mwenye leseni, na hema analeta yeye, likibebwa na wapagazi. Meru nako watu hulala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle. Usinunue hema jepesi kwa ajili ya milima hiyo miwili.

Kwanza kitambaa

Mpako wa bei rahisi ni poliurethani ya jamii ya poliesta. Maji yaliyomo hewani hukata minyororo ya mpako huo taratibu, na joto huongeza kasi. Haihitaji mvua, unyevu wa chumbani unatosha. Poliurethani ya jamii ya polietha inavumilia muda mrefu zaidi, na silikoni haiharibiki kwa njia hiyo. Kwenye maelezo ya bidhaa tafuta herufi hizi: PU peke yake ina maana ya poliurethani, na kampuni isiposema ni ya jamii gani, chukulia kuwa ni ile ya kawaida, PEU ni polietha, sil ni silikoni. Ukiona "sil/PEU", nje ni silikoni na ndani ni polietha, na hicho ndicho kitambaa cha kutafuta kwa hali ya hewa ya pwani. "Sil/sil" ni kizuri pia, ila mishono yake haikubali utepe wa kiwandani, kwa hiyo mara nyingi inakubidi uizibe mwenyewe kwa silikoni.

Watu wanadanganyika sana na namba ya milimita. Namba hiyo inaeleza urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaibeba kabla ya kuvuja. Kifuniko cha 1,200 mm kikiwa kizima kinatosha mvua ya Uluguru. Sakafu ina kazi ngumu zaidi, maana goti la mtu mzima linapoegemea juu ya udongo uliolowa linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua inavyosukuma toka juu. Lakini 4,000 mm ya PU iliyooza haina thamani yoyote, na kitambaa cha 1,200 mm chenye silikoni kinaweza kuipita baada ya misimu mitatu tu ya Dar.

Herufi D inapima unene wa uzi: ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Vifuniko vya mahema mepesi ni 15D au 20D. Chini ya 15D kitambaa kinaogopa miiba, na ukitoka upande wa Uluguru wenye unyevu ukashuka kwenye nyika ya kuelekea Mikumi, miiba ya migunga ndiyo itakayokupokea.

Kuna pia nailoni dhidi ya poliesta, na hapa poliesta ni kitambaa chenyewe, si ile ya mpako. Nailoni ni imara zaidi kwa uzito uleule, lakini inanyonya maji na kulegea. Hema la nailoni ulilolikaza saa 12 jioni linakuwa limelegea ifikapo saa 4 usiku, kifuniko kinagusa chumba cha ndani, na maji yanapenya pale vilipogusana. Dawa yake ni kutoka nje kabla ya kulala na kukaza kamba zote upya. Wengi hulala tu, asubuhi wanalaumu mishono. Poliesta hailegei hivyo na inavumilia jua kuliko nailoni, jambo la maana kwenye jua la nyuzi 6 na 7 kusini mwa ikweta.

Yale ya Kariakoo

Mahema ya kuba yanayouzwa Kariakoo na kwenye supamaketi yana nguzo za faiba na kitambaa cha poliesta cha ukuta mmoja, na kifuniko chake ni kofia fupi inayositiri kilele tu. Mengi yana kilo 2.5 hadi 3.5. Kwa watoto uwanjani, au kwa kulala karibu na gari wakati wa kiangazi, hayana ubaya. Begani hayafai. Nguzo ya faiba ikivunjika inachanika kwa urefu, inatoa vibanzi vinavyoingia kidoleni, na haiungiki porini. Ukuta mmoja wa poliesta nao unatoa jasho: pumzi za watu wawili zinagonga kitambaa kilichopoa, zinakuwa matone, na alfajiri matone yanawadondokea usoni. Mnunuzi huamini hema linavuja. Halivuji.

Tofauti ya uzito tuitazame kwa watu wawili. Hema la kilo 3.2 mkigawana ni kilo 1.6 kila mmoja. Hema la kilo 1.5 ni gramu 750. Mnaokoa gramu 850 kila mtu, ambazo karibu ni lita nzima ya maji, na kwenye mteremko wa kupanda toka Morogoro mjini hadi Morningside lita hiyo ya maji ina maana kuliko uzito wa hema.

Soma uzito kwa makini. Kampuni huandika uzito wa aina mbili: wa chini, yaani kifuniko, chumba na nguzo tu, na wa kifurushi, ambao unaingiza vigingi, kamba na mifuko. Tofauti hufika gramu 150 hadi 250. Linganisha kifurushi kwa kifurushi. Tandiko la chini karibu kila mara huuzwa peke yake na halimo kwenye hesabu yoyote.

Naturehike Cloud Up 2

Hili ndilo hema ambalo vijana wengi wa Dar huanza nalo, kwa sababu linaagizika kirahisi kutoka China na bei yake ni chini ya nusu ya Hubba Hubba. Kwa bei hiyo ni hema la heshima. Lina nguzo ya alumini yenye matawi, ukuta wa ndani na wa nje, na chumba cha takriban sentimita 210 kwa 125 chenye kimo kinachokaribia mita moja.

Tatizo ni kwamba jina moja linabeba bidhaa mbili. Kuna toleo la 20D la nailoni yenye silikoni, la kilo 1.5 hivi bila tandiko, na kuna la 210T la poliesta yenye PU, zito zaidi kwa robo kilo au zaidi. Picha ni zilezile. Muuzaji akiandika "210T" na bei ikakufurahisha, hilo ndilo litakalokufia kabatini. T ni hesabu ya nyuzi kwenye inchi ya mraba, haina uhusiano na uzuri wa mpako. Lipia toleo la 20D.

Lina mlango mmoja tu, upande wa kichwani. Wote wawili wanatambaa kuelekea upande uleule kila wanapotaka kutoka usiku, na baraza, yaani nafasi iliyofunikwa nje ya mlango, ni ndogo: viatu vya watu wawili na sufuria, basi. Mvua ikinyesha huwezi kupika pale kwa usalama. Upande wa miguuni dari inashuka chini sana, na mtu wa zaidi ya sentimita 180 atagusa kwa vidole vya miguu. Begi la kulalia likigusa ukuta wa ndani, na ukuta wa ndani ukagusa kifuniko, asubuhi linakuwa limelowa. Kingine: halisimami kikamilifu lenyewe. Pembe mbili za miguuni lazima zipigwe vigingi, vinginevyo sakafu inajikunja. Kwenye mwamba au sakafu ya saruji ya kambi hilo linakuwa usumbufu, unafunga kamba kwenye mawe.

Vigingi vyake vya kiwandani ni vyembamba. Vibadilishe kabla hujaondoka Dar.

MSR Hubba Hubba 2

Toleo lililotoka 2022 lina kilo 1.3 kwa uzito wa chini na 1.47 kwa kifurushi. Lile la awali lililoitwa NX ni 1.54 na 1.72, na bado linapatikana kwa bei nafuu. Sakafu ni mstatili, sentimita 127 kwa 213, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika: magodoro mawili ya kupuliza ya upana wa sentimita 63 yanaingia, yakibanana lakini yanaingia. Milango miwili, baraza mbili. Kila mmoja anatoka upande wake bila kumwamsha mwenzake.

MSR wanatangaza kwamba mpako wao wa Xtreme Shield umetengenezwa kushinda kuoza kwa unyevu, na kwa kabati la Dar huo ni ushahidi wa upande sahihi. Nguzo ni za Easton Syclone, ambazo si alumini bali nyuzi zilizochanganywa na gundi ngumu. Zinapinda sana kabla ya kuvunjika, na nyuzi hizo hazishiki kutu nyeupe kama alumini kwenye chumvi ya Bagamoyo.

Udhaifu wake kwa Uluguru ni mpangilio wa kulisimamisha. Unaanza na chumba cha ndani, ambacho juu ni wavu, kisha kifuniko. Mvua ya masika ikikukuta ukiwa umeshafunga nguzo, sakafu inageuka beseni kabla kifuniko hakijafika. Njia ya kulizunguka hilo ipo: tandaza tandiko lenye matundu ya nguzo, simamisha nguzo juu yake, vuta kifuniko, kisha ingia ndani na kuning'iniza chumba kwa ndoano kutoka chini. Inafanya kazi, lakini lazima uwe na tandiko la kampuni na uwe umelifanyia mazoezi mara mbili tatu nyumbani. Kulijaribu mara ya kwanza gizani, na maji yanatiririka shingoni, ni kazi ya watu wawili wenye subira.

Big Agnes Copper Spur HV UL2

Uzito wa chini ni karibu kilo 1.2, kifurushi kama 1.4. Kuta zake zimesimama wima kuliko za wengine, hivyo watu wawili wanaweza kukaa wameketi kwa wakati mmoja bila kuinamisha vichwa. Milango miwili, baraza mbili, nguzo za alumini za DAC ya Korea. Kwa starehe ya kukaa ndani wakati mvua inanyesha mchana kutwa, linaongoza.

Lakini pima godoro lako kabla. Upana kichwani ni sentimita 132, miguuni 107. Magodoro mawili ya 51 yanakaa vizuri. Mawili ya 63 yanahitaji 126, na miguuni yatapanda moja juu ya lingine. Wapo wanaonunua hema na magodoro kwa pamoja, wakasoma 132 tu, wakaja kulijua hilo usiku wa kwanza.

Kitambaa cha matoleo ya kabla ya 2025 ni nailoni yenye silikoni na PU, 1,200 mm. Ni chepesi na laini, kinataka kushikwa kwa adabu. Mkononi mwa mtu mwangalifu anayelikausha na kulihifadhi vizuri, linadumu. Mkononi mwa kikundi cha chuo kinacholiazimisha kila wikiendi, Hubba Hubba ni salama zaidi.

Durston X-Mid 2

Hapa ndipo tunapoegemea, kwa masharti. Hema hili halina nguzo zake. Linasimama kwa fimbo mbili za kutembelea mlimani. Uzito ni kilo 1 hadi 1.1 bila vigingi, kulingana na toleo. Kitambaa ni poliesta, silikoni nje na polietha ndani, yaani lile jibu tulilolitafuta tangu mwanzo: halilegei likilowa, linavumilia jua, na mpako wake unahimili unyevu wa Dar. Kifuniko kinatangulia, chumba kinafuata chini yake kikiwa kikavu. Milango miwili mipana, baraza mbili kubwa ambazo begi zima la mgongoni linaingia na bado mnabaki na nafasi ya jiko. Ndani ni karibu sentimita 117 kwa 228, hivyo mtu mrefu analala bila kugusa, ila upana unatosha magodoro mawili ya 51, si ya 63.

Kulisimamisha kunahitaji mazoea. Tandaza kifuniko, piga vigingi vya pembe nne, na hakikisha umetoa mstatili, si umbo lililopinda. Hapo ndipo wengi hukosea: pembe moja ikisogea sentimita 15, ukuta mmoja unakaza na mwingine unapepea, na hata ukivuta kamba namna gani mikunjo haiondoki. Kagua kwa kutazama mshono wa chini pande zote, unapaswa kunyooka kati ya kigingi na kigingi. Weka zipu za milango zikiwa zimefungwa wakati unapiga pembe. Kisha ingiza fimbo ya kwanza, ncha ikiwa juu kwenye tundu la kileleni, mpini ardhini. Halafu ya pili. Usizirefushe hadi mwisho mara moja. Zisimamishe kwanza, kisha ongeza sentimita mbili mbili kila upande mpaka kitambaa kikaze sawasawa. Vigingi vinne vinatosha usiku wa kawaida. Upepo ukiwa mkali ongeza vya milango na kamba za kileleni.

Fimbo za kununua hazipatikani kila duka la Dar. Unaweza kukatiwa bomba la alumini la mita 1.2 kwa mafundi wa Gerezani na kuwekewa ncha upande mmoja na kipande cha mpira upande wa pili. Mabomba hayo hayakunjiki, kwa hiyo yatakaa nje ya begi, lakini ni mepesi na bei yake ni ndogo. Usitegemee kukata miti huko juu: msitu wa Uluguru ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na Udzungwa ni hifadhi ya taifa.

Hasara nyingine ni eneo. X-Mid 2 linataka uwanja mpana kuliko Hubba Hubba, na kwenye vijia vya Usambara, ambako sehemu tambarare mara nyingi ni upana wa tuta la shamba, utatafuta sana pa kuliweka. Na bila vigingi halisimami kabisa.

Zpacks Duplex ni jepesi kuliko yote, nusu kilo na kidogo, kwa kitambaa cha Dyneema kisichonyonya maji wala kulegea. Bei inapita dola 600. Kuta zake ni za tabaka moja, zinatoa jasho kwenye mabonde yenye ukungu, na miiba haiheshimu bei. Tumelitaja kwa kuwa watu wanauliza.

Mchanga, mchwa na joto

Kigingi cha kawaida mchangani ni pambo. Ufukweni Kigamboni au Bagamoyo tumia viroba: chukua mfuko wa plastiki wa kufumwa wa kilo 5, ujaze mchanga hadi nusu, funga kamba ya hema shingoni, uzike kina cha sentimita 30, ukanyage. Mifuko minne inashikilia X-Mid, sita ikiwa kuna upepo wa kusi. Kwa udongo wa milimani, vigingi vya alumini vyenye umbo la Y vya gramu 14 hivi kila kimoja vinatosha, vipigwe vikiinamia upande wa mbali na hema.

Mchwa hawasahauliki. Ukiliacha hema sehemu moja siku kadhaa wanatoboa sakafu toka chini. Karatasi nzito ya plastiki ya mafundi ujenzi, inayouzwa kwa mita, inasaidia kama tandiko. Ikate iwe fupi kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande. Ikitokeza nje inakusanya mvua na kuipeleka chini yenu.

Joto la pwani kuanzia Desemba hadi Machi linaamua mambo yake. Hubba Hubba na Copper Spur, zikiwa na wavu peke yake bila kifuniko, ndizo zenye hewa nyingi na bado mbu hawaingii. X-Mid nalo lina chumba cha wavu, lakini linakitundika kwenye kifuniko, kwa hiyo unafungua milango yote miwili ya nje na kuiviringisha. Cloud Up 2, lenye mlango mmoja, ndilo la moto kuliko yote.

Kulitunza na kulirekebisha

Ukirudi, toa hema lote begini siku hiyohiyo. Likitoka ufukweni lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa zipu na maungio ya nguzo. Usitumie sabuni ya unga wala mashine ya kufulia. Lianike kivulini, ndani na nje, mpaka mishono iwe mikavu, maana mishono ndiyo ya mwisho kukauka. Halafu liweke kwenye foronya kubwa, bila kulibana, kwenye chumba chenye hewa. Mfuko wa kiwandani ni wa safarini tu. Kila baada ya miezi miwili lifungue, linuse.

Zipu ikiwa inafunga halafu inaachia nyuma, meno hayana kosa, kichwa cha zipu kimepanuka. Kibane kwa plaizi taratibu, upande wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo, ukijaribu kila mara. Ukikibana kupita kiasi kinavunjika. Vichwa vya namba 3 na namba 5 vinapatikana kwa wauza vifaa vya ushonaji Kariakoo, nenda na cha zamani mkononi. Ukimpelekea fundi cherehani, mwambie: "Fundi, sindano ndogo, uzi wa poliesta, usirudie mshono mara mbili." Kila tundu la sindano ni njia ya maji.

Kuziba mishono ya kitambaa cha silikoni: chukua silikoni safi isiyo na rangi ya kuzibia madirisha, changanya sehemu moja na sehemu tatu za waiti spiriti kwenye kopo, paka kwa brashi ndogo upande wa nje, acha usiku kucha. Thina ya rangi za magari haifai. Viraka vya kubandika vya kawaida haviambatani na silikoni. Tumia kipande cha kitambaa kilekile na silikoni hiyohiyo.

Lipi basi

Wanaotembea tayari na fimbo na wanaokwenda Uluguru au Udzungwa miezi yenye mvua: X-Mid 2. Wasiotumia fimbo, wenye magodoro mapana, au wanaolala sana ufukweni: Hubba Hubba 2. Bajeti ikibana, Cloud Up 2 la 20D na vigingi vipya, na mkubali mapema kwamba mtatumia mlango mmoja. Copper Spur ni la wanaotaka nafasi ya kuketi na wanaojua kutunza.

Likifika, gharama haijaisha: kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo muulize wakala wa mizigo bei hadi mlangoni kabla hujalipia. Ukilipata kwenye mitumba ya Karume, kwa bei yoyote ile, kunja kifuniko mpako kwa mpako, kibane kiganjani dakika moja, kiachie. Kikishikana, kirudishe kwa muuzaji. Hema jipya lisimamishe nyumbani kabla muda wa kulirudisha haujaisha: ingia ndani mchana, mwenzako akufunikie milango, tazama mishono yote kwa mwanga unaopita, na mwambie amwagilie kifuniko kwa mpira wa maji robo saa. Hesabu vigingi.